Wale Waliokuja Kusikiliza Tu

Ukiingia leo kwenye chumba cha mdahalo wa mashindano ya vyuo vikuu, raundi yoyote ya mwanzo, utawakuta watu 11 hivi. Wanane ni wasemaji. Watatu ni waamuzi, vichwa chini, kalamu mbio. Pengine yupo wa 12 anayeshika saa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kusikiliza tu. Chumba chenyewe ni darasa la kawaida, ubao bado una milinganyo ya kipindi cha asubuhi ambayo hakuna aliyejali kuifuta, na meza mbili zimesogezwa zitazamane. Msemaji anasimama, anatamka "Mheshimiwa Spika", na anaanza kulihutubia bunge ambalo halipo.

Nimekaa kwenye vyumba hivyo mara nyingi, kwanza kama msemaji na baadaye kama mwamuzi, na kwa muda mrefu sikuona ajabu yoyote. Ajabu ni kwamba mchezo uliokua kwa kuteka umati umefika mahali ambapo umati hauhitajiki. Wakongwe hulalamika kwamba hapo ndipo ulumbi ulipozikwa. Naona wanakosea, ingawa hawakosei kabisa, na ndiyo maana napenda kuipitia historia hii nikiwa na swali moja tu: kila ilipopiga hatua, nani alikuwa anasikiliza?

Nianze na hizo meza mbili. Bunge la Makabwela la Uingereza lilipata makao yake ya kudumu katika karne ya 16 ndani ya kanisa dogo la Mtakatifu Stefano, kwenye kasri la Westminster, na wabunge wakakaa pale walipokuwa wakikaa wanakwaya: safu mbili, uso kwa uso. Moto uliteketeza jengo mwaka 1834. Mabomu ya Wajerumani yakaubomoa ukumbi uliofuata mwaka 1941. Mara zote mbili umbo lile lile lilirudishwa, na mwaka 1943 Churchill alisimama kulitetea dhidi ya nusu duara ya mabunge mengine. Kwenye nusu duara, alisema, mtu huteleza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, lakini kuvuka sakafu na kuhamia upande wa pili mbele ya macho ya wote ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Vilabu vya wanafunzi viliiga mpangilio huo, kwa hiyo meza zetu za darasani ni wajukuu wa viti vya wanakwaya. Kabla mtu hajafungua mdomo, chumba kimeshaamua kwamba jambo lina pande mbili. Mambo mengi ninayoyajua yana pande tano, lakini tuache hilo.

Wanafunzi wenyewe walianza bila ukumbi wala umati. Mwaka 1747 Edmund Burke, kijana ambaye alikuwa hajafikisha miaka 20, aliunda na wenzake wachache wa Trinity College, Dublin, klabu ya kujinoa katika kusema hadharani. Daftari la kumbukumbu za vikao vyao lipo hadi leo. Chama kinachojihesabu kuwa mrithi wa klabu hiyo, College Historical Society, kilianzishwa mwaka 1770. Wolfe Tone alikiongoza kabla ya kuwa mwanamapinduzi. Robert Emmet, aliyepata kunoa ulimi humo humo, alinyongwa mwaka 1803 baada ya uasi wake kushindwa. Kwa hiyo wakuu wa vyuo walioona mdahalo wa wanafunzi kuwa mchezo wa hatari hawakuwa wakiota. Cambridge Union ilianzishwa mwaka 1815, na miaka miwili baadaye mkuu wa chuo akaifunga. Ilipofunguliwa tena mwaka 1821, sharti lilikuwa wasiguse siasa za wakati huo. Oxford ikapata chama chake mwaka 1823.

Faida ya kusikilizwa na watu wenye nafasi ilionekana mapema. Mwaka 1831 William Gladstone, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Oxford Union, alisimama kuupinga muswada wa mageuzi ya uchaguzi na akasema kwa takriban robo tatu ya saa. Rafiki yake mmoja chuoni alikuwa mtoto wa Duke wa Newcastle. Sifa za hotuba zikamfikia baba, baba alikuwa na sauti kubwa katika jimbo la Newark, na mwishoni mwa 1832 Gladstone akaingia bungeni akiwa hajatimiza miaka 23. Alikuja kuwa waziri mkuu mara 4. Hotuba moja tu, na sikio moja lenye uzito. Tunapousifia ukumbi wa zamani kama shule ya demokrasia tukumbuke kisa hicho. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ulikuwa mahali ambapo tabaka tawala lilikwenda kuchagua vijana wake.

Hata hivyo ukumbi ulikuwa na nguvu ambayo hatuna tena, na hakuna usiku unaoionyesha vizuri kuliko ule wa tarehe 9 Februari 1933. Oxford Union ilijadili hoja kwamba "Bunge hili halitapigana kwa hali yoyote ile kwa ajili ya Mfalme na Nchi yake." Waliounga mkono 275, waliopinga 153. Hitler alikuwa na siku 10 tu kwenye ukansela. Magazeti ya London yakawaka moto, yakawaita vijana wale wasaliti. Watu wakawatumia manyoya meupe, alama ya mwoga. Churchill akalaani kwa maneno mazito. Wiki tatu baadaye mwanawe, Randolph, akaja mwenyewe ukumbini kutaka hoja ile ifutwe kwenye kitabu cha kumbukumbu, na akaangushwa kwa kura 750 dhidi ya 138.

Zitazame namba hizo mbili, 275 na 750. Siamini kwamba Oxford ilipata wapinga vita wapya 475 katika wiki tatu. Ninachoona ni ukumbi uliokasirishwa na mtu aliyekuja kuufutia kura yake. Walijua kwamba kura ile ilikuwa yao, na nchi nzima iliichukulia hivyo hivyo, kama habari kuhusu vijana wanavyofikiri. Ndiyo sababu iliuma.

Sasa linganisha. Mashindano ya dunia ya vyuo vikuu yamewahi kufikia timu karibu 400, nne nne kwa chumba, maana yake hoja moja inapigwa kwenye vyumba karibu 100 kwa saa ile ile. Weka hoja ya mfalme na nchi hapo. Katika vyumba kadhaa serikali itaongoza, katika vingine upinzani, na hakuna mhariri hata mmoja atakayenyanyua simu, kwa sababu kila anayejua mchezo huu anajua kwamba pande ziligawiwa na ratiba. Aliyeutetea upande wa mfalme hadi jasho likamtoka huenda hana haja na mfalme wala na nchi. Mdahalo wa ushindani umejinunulia uhuru mkubwa, wa kusema lolote bila kubebeshwa kesho yake. Bei yake ni kwamba hakuna anayekusadiki.

Mfano wa pili napenda kukaa nao kidogo, kwa sababu unanisuta kama mwamuzi. Tarehe 18 Februari 1965 Cambridge Union ilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Hoja: kwamba ndoto ya Marekani imepatikana kwa kumgharimu Mmarekani mweusi. James Baldwin aliunga mkono, William F. Buckley, mhariri wa jarida la National Review na mlumbi aliyepikwa Yale, akapinga. Baldwin hakukimbia. Alianza taratibu, karibu kwa kunong'ona, akasema mtazamo wa mtu juu ya hoja hii unategemea amesimama wapi duniani. Kisha akahama kutoka "wao" kwenda "mimi", akasema ni yeye aliyechuma pamba, yeye aliyejenga reli chini ya mjeledi wa mtu mwingine, bila malipo. Alipokaa, ukumbi ulisimama. Kura zilikuwa 544 kwa 164.

Nimejaribu kumfikiria Baldwin kwenye karatasi yangu ya alama. Ningeandika nini? Kwamba hakufafanua istilahi za hoja. Kwamba hakuonyesha hatua kwa hatua jinsi chanzo kinavyozaa tokeo. Kwamba alipita muda, maana hotuba yake ilizidi dakika 20. Kwamba hakumpa mpinzani nafasi ya kumkatiza kwa taarifa. Vijana wameshaambiwa hayo na mimi, kwa sauti ya upole, nikiwa na karatasi mkononi, na baadhi yao walikuwa wamesema jambo la kweli kuliko wote chumbani.

Lakini kabla hatujaulilia ukumbi, tuwahesabu walioruhusiwa kuukalia. Oxford na Cambridge ziliwakubali wanawake kama wanachama kamili wa vyama vyao vya midahalo mwaka 1963 tu, yaani miaka miwili kabla ya Baldwin. Dublin, chama cha 1770 kiliwakubali mwaka 1969. Glasgow University Union, nyumba iliyojengewa sifa na midahalo ya siku nzima iliyowakomaza wanasiasa wa Scotland akina John Smith na Donald Dewar, haikuwafungulia wanawake mlango wa uanachama hadi mwaka 1980. Wageni wachache waliopenya walipenya kwa makali yao: Lakshman Kadirgamar wa Sri Lanka aliiongoza Oxford Union mwaka 1959, Benazir Bhutto wa Pakistan mwaka 1977. Lakini ukumbi ulipenda ulichokizoea. Ulipenda lafudhi yake, vichekesho vyake, dondoo za Kilatini na rafiki zake. Mtu aliyetoka mbali alitakiwa kuwa na akili mara mbili ya mwenyeji ili apate nusu ya makofi.

Aliyeuvunja ukumbi huo hakukusudia kuleta haki. Alileta kombe. Mwaka 1954 gazeti la Observer lilianzisha shindano la vyuo vya Uingereza, zawadi ikiwa rungu la bunge. John Smith alilitwaa na mwenzake mwaka 1962, na tangu mwaka 1995 linabeba jina lake. Ireland ikawa na la kwake chini ya gazeti la Irish Times kuanzia mwaka 1960. Kombe linahitaji mshindi, mshindi anahitaji kuamuliwa, na huwezi kuuachia ukumbi wa chuo mwenyeji uamue kama timu ya mwenyeji imeshinda. Ndipo akaingia mwamuzi. Wamarekani walikuwa wametangulia kwa njia yao: Harvard na Yale zilipambana mwaka 1892, na tangu mwaka 1947 kukawa na shindano la taifa, ambalo mtindo wake uliishia kwenye masanduku ya karatasi za ushahidi na wasemaji wanaotiririsha maneno kama cherehani hadi asiyefundishwa haambulii kitu. Huko umati ulikuwa umeondoka zamani, tena bila kuaga.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Glasgow, Januari 1981. Ukumbuke ile nyumba iliyowafungulia wanawake mwaka 1980: dunia ilialikwa mara tu baada ya nusu ya dunia kuruhusiwa kujiunga. Kombe lilichukuliwa na Toronto, na hapo hapo ukaanza utamaduni wa mgeni kumshinda mwenyeji. Mwaka huo huo vyuo vya mashariki ya Marekani viliunda chama chao cha midahalo ya kibunge, APDA, kwa watu waliochoshwa na masanduku ya ushahidi. Kwa miaka kadhaa kanuni zilibadilika kulingana na mwenyeji, kwa kuwa Waaustralia walikuwa na mfumo wao wa watu watatu watatu na Wamarekani wa kwao, hadi katika miaka ya tisini mfumo wa bunge la Uingereza ukashika usukani.

Katika mfumo huo kuna timu 4 za watu wawili wawili, mbili za serikali na mbili za upinzani. Hoja inatangazwa, dakika 15 za kujiandaa zinaanza kuhesabiwa, kisha kila msemaji ana dakika 7. Linganisha na robo tatu ya saa ya Gladstone. Dakika ya kwanza na ya mwisho zinalindwa. Katikati, mpinzani anaweza kusimama kuomba kutoa taarifa, na mtindo wa kizamani ni mkono mmoja kichwani, kama anayeshika wigi lisidondoke, mwingine umenyooshwa mbele. Anayesema anamkubalia au anamkalisha kwa kupunga kiganja. Anayefungua anaitwa waziri mkuu, anayemjibu kiongozi wa upinzani, na wa mwisho kila upande ni mnadhimu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutafsiriwa lolote hapa. Taarifa, hoja, kiti, kuhusu utaratibu, mnadhimu, yote ni maneno ambayo masikio yetu yameyazoea kwenye matangazo ya bunge.

Ujanja wa mfumo uko kwenye timu ya pili ya kila upande. Inatakiwa kuunga mkono timu ya kwanza na wakati huo huo kuishinda. Wako upande mmoja, hawaruhusiwi kupingana, na akijaribu mmoja kumgeuka mwenzake waamuzi wataandika kwamba amemchoma kisu. Lakini kila timu inapangwa peke yake, ya kwanza alama 3, kisha 2, kisha 1, ya mwisho sifuri. Ni kama wabunge wawili wa chama kimoja wanaoutaka uwaziri mmoja. Nakumbuka vizuri kukaa kwenye timu ya pili ya serikali, hoja yetu nzito ikiwa imeandikwa juu kabisa ya karatasi na kupigiwa mstari mara mbili, na kusikia waziri mkuu wetu akiitaja katika dakika ya tatu. Mwenzangu hakunitazama. Alivuta kalamu, akaikata kwa mstari mmoja mnyoofu, akanong'ona, "Wamechukua." Tulikuwa na dakika 20 na ushei za kutafuta kitu ambacho ni kipya, ni cha kweli, na hakimwaibishi mtu ambaye tulitaka kumshinda.

Hapo ndipo ninapoachana na wakongwe. Wanasema mwamuzi ameua ulumbi, nami nauliza: ukumbi uliwahi kumweleza nani kwa nini ameshindwa? Wale 275 wa mwaka 1933 hawakudaiwa sababu. Walipita kwenye mlango wao wa kura wakaenda kulala. Waamuzi watatu wanafunga mlango, wanabishana robo saa hivi, wanatafuta kukubaliana nani wa kwanza na nani wa nne, kisha mwenyekiti wa jopo anawaita wote wanane na kuwaambia kwa nini, hoja kwa hoja. Anaweza kukosea, nimekosea mara nyingi. Lakini anakosea hadharani, kwa sababu zilizotajwa, na aliyeshindwa anaweza kumfuata na kumwambia, "Lakini mimi nilijibu hilo kwenye dakika ya tano." Mara moja binti mmoja alinionyesha mahali penyewe kwenye maandishi yangu mwenyewe, na alikuwa sahihi. Uamuzi ulikuwa umeshatumwa. Katika karne mbili za ukumbi, hakuna aliyeshindwa aliyewahi kupata nafasi hata ya kuuonyesha umati kosa lake.

Waundaji wa kanuni wenyewe waliliona pengo la umati, wakajaribu kuliziba kwa namna ambayo naipenda na kuicheka. Mwongozo wa mashindano ya dunia unamtaka mwamuzi ajifanye kuwa mpiga kura wa kawaida mwenye akili: mtu anayesoma kurasa za mbele za magazeti makubwa, asiye mtaalamu wa jambo lolote, asiye na upande, aliye tayari kushawishika. Zamani walimwita mtu wa wastani anayefikiri. Waliutoa umati mzima nje, kisha wakamrudisha mtu mmoja wa kubuni na kumkalisha kichwani mwa mwamuzi. Na huyo mtu ni mgumu kumpata. Nimekaa kwenye jopo ambalo kila mmoja wetu alimwona mpiga kura tofauti. Wangu alikuwa hajui riba ya benki kuu inavyofanya kazi, wa jirani yangu alikuwa na shahada ya uchumi. Tukajikuta tunajadili elimu ya mtu asiyekuwepo huku timu nne zikisubiri nje.

Kasi ni dalili ya ugonjwa huo huo. Msemaji anayejua kwamba anayesikiliza anaandika kila neno, na ameshasikia hoja za namna hiyo mara mia, hana sababu ya kupumzika. Ukiwa na hoja 5 badala ya 3, unaongeza mwendo. Kichekesho kinakula sekunde 10, mfano mzuri unakula 40, na hakuna anayekupa alama kwa kimya. Kwa hiyo mchezo uliokimbiliwa na watu waliochoshwa na cherehani za Kimarekani umeanza nao kushona. Kanuni zinasema mpiga kura wa kawaida lazima aelewe. Mazoea yanasema mwamuzi huyu anaelewa, basi twende. Na mazoea ndiyo yanayoshinda, kwa sababu ndiyo yaliyomo chumbani.

Pamoja na hayo, tazama ramani ilivyobadilika tangu sikio likabidhiwe kwa waamuzi. Mwaka 1997 mashindano ya dunia yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Stellenbosch. Yakarudi huko 2003, yakaenda Gaborone 2011 na Cape Town 2019. Yamefika Manila, Bangkok, Istanbul, Chennai, Mexico City. Vikaundwa viwango vya wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wenye fainali zao, jambo ambalo wengine huliona kama zawadi ya kufariji na wengine kama mlango. Wanaozungumza Kihispania hawakusubiri mlango, walijenga mashindano yao ya dunia. Nani alikuwa anachukua kombe kuu wakati huo wote? Oxford, Sydney, Harvard, Monash, Cambridge na wenzao. Wale wale ambao lugha ya mchezo ni maziwa ya mama yao na ambao nauli ya ndege haiwakoseshi usingizi.

Kisha janga la Uviko likawafungia wote majumbani. Mashindano ya 2021, yaliyokuwa yafanyike Korea Kusini, yalifanyika mtandaoni, na mshindi akawa Ateneo de Manila, chuo cha kwanza cha Asia ya Kusini-Mashariki kulitwaa kombe kuu. Ya 2022, yenye jina la Belgrade, nayo yakafanyika mtandaoni, na mshindi akatoka Dhaka: chuo kikuu cha BRAC, cha kwanza kutoka Asia ya Kusini. Miaka miwili tu ambayo hata lile darasa lenye meza mbili halikuwepo, na ndiyo miaka hiyo. Sisemi skrini ndiyo iliyowashindia. Manila imekuwa ikifuga wasemaji wakali kwa miongo kadhaa, na ukiwasikiliza wale wawili wa BRAC utajua walichokuwa nacho hakikuletwa na mtandao. Lakini pasipo viza, pasipo hoteli, pasipo kusafiri siku nzima na kuamka kwenye saa za watu wengine, kuna uzito fulani unaoondoka begani kwa baadhi ya timu na ambao timu nyingine hazikuwahi kuubeba. Anayeukumbuka ukumbi wa Oxford kwa mapenzi aukumbuke na huo uzito.

Kilichokosekana miaka ile miwili ni korido. Sijaona ikiandikwa popote kwenye historia ya mchezo huu, na nadhani imesahaulika kwa kuwa hakuna kombe linalotolewa pale. Mdahalo ukiisha, waamuzi wanafunga mlango na wasemaji wanane wanatolewa nje wakasubiri. Dakika mbili za kwanza watu wanasifiana kwa uongo. Kisha mmoja anauliza, "Lakini wewe kwa kweli unaonaje?" Kwa mara ya kwanza baada ya saa nzima, mtu anasema anachoamini, na wengine saba wanamsikiliza bila kuandika. Mtandaoni waamuzi walikwenda kwenye chumba chao na wanane wakabaki kama miraba myeusi minane, kila mmoja amezima kamera, ameenda kutafuta maji.

Katika korido ya mwisho niliyosimama nikiwa msemaji, tulikuwa tumetoka kujadili kama nchi tajiri zifute madeni ya nchi maskini. Mimi nilipinga, kwa kuwa ratiba ilisema nipinge. Kijana wa timu ya serikali, aliyetukaanga kwa dakika 7 bila huruma, aliegemea ukuta akasema kwamba yeye hasa anakubaliana na nilichosema kuhusu wakopaji wa kesho, kwamba amekuwa akikifikiria tangu niliposema na hajapata jibu. Nilimwambia kwamba mimi nimekuwa nikilitafuta jibu hilo miaka miwili, kwa sababu siamini nilichosema. Tukaanza kulitafuta wote wawili, na wenzetu wakasogea. Hatukuwa tumefika mbali mlango ulipofunguliwa na tukaitwa ndani, tukaambiwa tumekuwa wa nne.